Hoja Ndani ya Kopo la Maji

Katika miaka ya karibuni vijana wetu wamepata walimu wapya wasiofundisha darasani. Wako katika vitabu vidogo vinavyouzwa kwenye vituo vya mabasi, wako redioni, na zaidi ya yote wako katika simu za mkononi. Walimu hao huahidi kumfanya kijana kuwa mtu mpya, ajiamini, abuni mambo, na aseme na watu wakamsikiliza. Sina ugomvi na ahadi hiyo, kwani nani asiyetaka kuwa bora leo kuliko jana? Ugomvi wangu ni juu ya njia. Kijana huambiwa asimame mbele ya kioo ajisifu, apaze sauti, amtazame msikilizaji machoni, atabasamu. Ni mara chache mno kuambiwa awe na jambo la kusema, na ni mara chache zaidi kuelezwa namna ya kulihakiki jambo hilo kabla hajafungua kinywa. Wazee walikwisha kulijua tatizo hili waliposema kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Rai yangu ni kwamba kujiendeleza, kubuni na kushawishi si stadi tatu zinazoweza kununuliwa kila moja katika kitabu chake. Ni kazi moja. Mtu huanza kwa kuangalia jambo kwa makini, hulipima, huliandika, hulijaribu tena, kisha hulipeleka kwa mwenzake kwa namna ambayo mwenzake huyo ataweza kulijaribu kwa mikono yake mwenyewe. Ajifunzaye kufanya hivyo amekwisha kujiendeleza, na neno lake litasikilizwa hata kama ana kigugumizi. Nadai pia kwamba mahali bora pa kujifunza kazi hiyo ni shule ya sekondari yenye maabara, hata ikiwa maabara yenyewe ni meza mbili na sinki lisilotoa maji.

Nakaa Mkonze, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ambako mashamba ya zabibu na mtama yanazidi kuzungukwa na nyumba mpya. Huku uwanda wa kati mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida toka Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 570 hivi, mwaka wa neema ikizidi na mwaka wa ukame ikipungua sana. Mzee wa Kigogo hana haja ya kipima mvua ili kuyajua hayo. Lakini kulikuwa na wakati ambapo maneno mazuri yalimshinda mzee huyo pamoja na kipima mvua.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Likatolewa wazo la kulima karanga kwa matrekta katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanywa kwa ndege, kisha ukaandika ripoti. Ilikuwa ripoti ya kushawishi kweli kweli. Ilitaja ekari 3,210,000 za karanga, gharama, mavuno na faida, vyote vikiwa vimepangwa katika safu nadhifu. Serikali ya Uingereza ilikubali, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, chini ya kilomita 100 kutoka hapa ninapoandika. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua inapokatika hukauka ukawa mgumu kama matofali, na karanga zilizokomaa hazing'oki. Mvua yenyewe haikufuata ripoti. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindikana, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36 za wakati ule.

Nimeitaja habari hii mapema kwa sababu moja. Wengi wetu hudhani kwamba hoja yenye tarakimu ni ya kisayansi, na hoja isiyo na tarakimu ni porojo. Ripoti ya karanga ilijaa tarakimu. Kasoro yake ni kwamba tarakimu nyingi zilikuwa zimekokotolewa mezani kabla ya kupimwa shambani. Walioiandika hawakuwa wajinga wala waongo. Walikuwa watu wenye haraka, wenye kujiamini, na wenye ufundi wa kuandika, yaani walikuwa na kila kitu ambacho walimu wetu wapya wa simuni hukisifu.

Sasa twende Lushoto, kwa kijana ambaye hakuwa na ufundi wowote wa kusema.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba mwaka 1963. Wanafunzi pale walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu la shule. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wagombeaji walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, alichanganya sukari katika maziwa yasiyochemshwa na kuyaweka. Mpemba naye, kwa hofu ileile, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu wakaenda kuangalia. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu, hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganya mambo. Hapa wasimulizi wengi humlaumu mwalimu moja kwa moja, nami sikubaliani nao sana. Tulitazame swali lilivyokuwa. Maziwa ya mmoja yalikuwa yamechemshwa, ya mwingine la. Kiasi hakikupimwa, halijoto haikupimwa, wala hakuna aliyejua ni tepe lipi limekaa karibu zaidi na upande wenye baridi. Mwalimu alikuwa na haki ya kutia shaka. Kosa lake lilikuwa kwamba aliifanya shaka kuwa mwisho wa mazungumzo, ilhali shaka ndiyo mwanzo wa kazi. Angesema, “Rudia, lakini safari hii pima,” pengine tungekuwa na makala ya kisayansi kutoka Magamba miaka kadhaa kabla ya wakati wake.

Mpemba hakubishana. Wakati wa likizo alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akagundua kwamba wafanya biashara hiyo hutia jokofuni maziwa ya moto kwa makusudi, maana kwa uzoefu wao huganda upesi. Naomba msomaji asipite haraka hapa. Kijana alikwenda kumwuliza fundi. Hakwenda kutafuta mtu wa kumfariji baada ya kukemewa, wala hakujiambia mbele ya kioo kwamba yeye ni hodari. Alimtafuta mtu ambaye riziki yake inategemea jambo lilelile analolichunguza. Nchi yetu imejaa watu wa namna hiyo: waashi wanaojua ni lini saruji itapasuka, akina mama wapika pombe wanaojua chachu kwa harufu, mafundi baiskeli, wachunga ng'ombe. Mwanafunzi anayewapita bila kuwauliza anapita maktaba.

Baadaye alijiunga na Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Huko alifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena swali lake, na akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani. Kila alipokosea hesabu wenzake walimwambia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Ndipo siku moja alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka katika sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto.

Mabadiliko yaliyotokea hapa ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Maziwa yameondoka, sukari imeondoka, na swali la aliyechemsha na asiyechemsha limeondoka. Yamebaki maji peke yake, ujazo uleule, chombo kilekile, na tofauti moja tu. Kijana amekifinyanga kisa cha jikoni mpaka kimekuwa jaribio. Watu husema ubunifu ni kuongeza. Kwa maoni yangu ubunifu mwingi katika sayansi ni kupunguza.

Basi Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati ule, alipotembelea Mkwawa na kukaribisha maswali, Mpemba alisimama akauliza kwa ufupi: vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, vikiwekwa pamoja jokofuni, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza; kwa nini? Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka, ingawa naye alitia shaka. Aliahidi kwamba atakaporudi chuoni jambo hilo litajaribiwa.

Sisemi kwamba swali lile lilikuwa na lugha tamu. Lilikuwa na kitu bora zaidi, kwani ndani yake mlikuwa na maelekezo yote ya jaribio. Msikilizaji hakuombwa aamini. Alipewa ujazo, akapewa halijoto mbili, akaambiwa aende akaone. Mtu mwenye jokofu na kipimajoto hana pa kujificha mbele ya swali la namna hiyo: ama alijaribu, ama akiri kwamba hataki kujua. Huo ndio ushawishi ninaoutetea.

Jaribio lilifanywa Dar es Salaam. Fundi wa maabara alileta habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto kweli yaliganda kwanza, akaongeza kwa uaminifu wote kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Majaribio zaidi yalifuata. Walipofunika uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, dalili kwamba joto jingi hupotea kupitia uso wa juu. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza. Wakati huo alikuwa akisomea usimamizi wa wanyamapori huko Mweka, karibu na Moshi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi sababu ya jambo hilo, na maelezo zaidi ya 22,000 yakapokewa.

Msomaji asidhani kwamba hadithi imeishia kwenye makofi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa Uingereza, walichapisha vipimo vyao pamoja na uchambuzi wa vipimo vya watu wengine. Walisema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huzifikia nyuzi 0 mapema kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Halafu mwaka 2020, huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha jambo linalofanana na lile la Mpemba, si katika barafu, bali katika chembe ndogo mno iliyokuwa ikisukumwa kwa mwanga wa leza ndani ya maji. Mjadala unaendelea. Hayo hayampunguzii Mpemba kitu. Wapingaji wake wa 2016 walikuwa bado wanafanya kile alichowataka wafanye, yaani kuchukua vyombo viwili na kupima.

Lile neno la fundi wa maabara, la kurudia mpaka yapatikane matokeo sahihi, watu hulicheka. Mimi silicheki, maana nalisikia kila mwaka. Kila mwaka mimi hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mara nyingi huwapa kazi ya kupima mchapuko wa uvutano kwa kutumia pendulumu ya uzi na jiwe. Wengi huniletea 9.81, barabara, bila kupungua wala kuzidi. Wamepika. Neno hilo la kupika data kila mwanafunzi wa sekondari analifahamu, na walimu tunalifahamu zaidi, kwa kuwa mitihani yetu imewazoesha vijana kwamba jibu liko mahali fulani tayari na kazi ya jaribio ni kulifikia.

Ubaya wa kupika ni kwamba 9.81 si jibu la Dodoma. Ni jibu la Ulaya. Dunia si mviringo kamili, nayo inazunguka. Kwa sababu hizo uvutano karibu na Ikweta ni mdogo kuliko kwenye latitudo za mbali, na hupungua zaidi kidogo kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Ukikokotoa unapata 9.78. Tofauti ni ndogo lakini haifichiki kwa mtu mvumilivu. Pendulumu yenye urefu wa mita 1 kamili, ikibembea mara 100 kwa pembe ndogo, hapa kwetu hutumia sekunde 200.9, London ingetumia sekunde 200.6 hivi. Ukihesabu bembea 300 tofauti inafikia sekunde 1, na saa ya simu inatosha kuiona, mradi urefu umepimwa toka ncha ya juu ya uzi mpaka katikati ya jiwe bila kukosea hata milimita mbili. Kijana wa Mkonze aliyepata 9.77 akaogopa akaandika 9.81 alikuwa ameukamata ukweli wa mahali alipozaliwa, akautupa, akaazima wa wengine. Sijui kitabu cha kujiamini kitakachomponya. Atapona akipata mwalimu atakayempa alama kwa 9.77 yake na kumwuliza aliipataje.

Mpaka hapa nimezungumzia kumshawishi mtaalamu, jambo ambalo kwa kweli ni rahisi. Mtaalamu ana maabara, na kazi yake ni kujaribu. Vipi mama mwenye watoto wanne na ndoo moja ya maji?

Turudi Kongwa. Trakoma, ambayo wengine huiita vikope, ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria. Huenea kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo, na kwa nzi wanaofuata tongo na makamasi katika nyuso za watoto. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, upande wa ndani wa kope hupata makovu; miaka mingi baadaye kope hujikunja kwa ndani, nywele zake hukwaruza mboni, na mtu hupofuka. Uwanda wetu mkavu umeteswa sana na ugonjwa huu. Watafiti waliofanya kazi Kongwa tangu miaka ya 1980 waliona kwamba uso safi wa mtoto ni kinga, lakini nyuso hazikuoshwa. Njia nyepesi ingekuwa kusema kwamba wananchi hawana elimu, kisha kubandika mabango. Watafiti walikaa na wanavijiji wakauliza, na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba watu walidhani kuosha nyuso za watoto kunataka maji mengi kuliko yanayohitajika kwa kweli. Kwa mtu anayeyafuata maji mbali, hiyo ilikuwa hesabu ya haki kabisa. Mama hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa akilinda maji ya kupikia kwa kutumia tarakimu isiyopimwa, kama wale wa ripoti ya karanga.

Hoja inayomfaa mama huyo haimo katika hotuba kuhusu bakteria. Imo katika kopo. Jaza kopo la lita moja mbele ya watu, anza kuosha nyuso za watoto mmoja baada ya mwingine, na umwache mama mwenyewe ahesabu. Namsihi mwalimu afanye hivyo na darasa lake, tena asiwaambie idadi mapema. Wapime kwanza kiganja kilichokunjwa huchukua mililita ngapi. Tuseme kwa mfano wamepata kwamba uso mmoja unatumia mililita 40. Lita moja itatosha nyuso 25, na ndoo ya lita 20 itatosha nyuso 500. Kisha wajaribu kwa kibuyu chirizi, dumu lililotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa, waone kama kiasi kitapungua.

Matokeo ya Kongwa yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet na kundi lililoongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vitatu kati yake viliongezewa kampeni ya kuosha nyuso iliyowashirikisha wananchi wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, katika vijiji vyenye kampeni, uwiano wa walioshikwa na trakoma kali kwa wasioshikwa ulikuwa 0.62 ya ule wa vijiji vingine. Nawaomba wanafunzi walitazame neno “kali”. Ingekuwa rahisi kuliacha, na sentensi ingependeza zaidi. Waandishi waliliweka kwa sababu ndivyo walivyopima, na mimi nikisoma sentensi yenye neno la namna hiyo huwa naiamini zaidi, si kidogo.

Nchi hii ilipata kulijua jambo hili kwa upana kabla ya hapo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu kama milioni 2 kwa redio. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili kitabu chao, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Sauti ilikuwa ya Dar es Salaam, jembe lilikuwa la kijijini.

Nitajibiwa kwamba kuonyesha kitu kwa macho si ugunduzi wangu. Kweli. Mwaka uleule wa 1963, wakati Mpemba akigombea nafasi jokofuni, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, na kila aliyeisoma anakumbuka jinsi Antoni anavyoligeuza kundi la watu kwa kulionyesha joho lililotobolewa na visu. Brutasi alikuwa ametoa sababu. Antoni alileta kitu. Je, kopo la maji si joho la Antoni tu? Nimelifikiria swali hili kwa muda, maana walaghai wa dawa za miujiza sokoni nao huonyesha vitu. Tofauti ni kwamba joho humwacha msikilizaji na hasira, na hasira haina namna ya kukaguliwa. Kopo humwacha na kopo. Anaweza kwenda nalo nyumbani, akarudia jioni mumewe akitazama, akakuta kwamba ulidanganya, akarudi kesho kukuumbua. Mlaghai hamwachii mtu chombo cha kumkagulia.

Liko suala la lugha pia. Sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na mjadala juu ya hilo ni mrefu kuliko makala haya. Lakini najua kwamba kijana anayeweza kueleza mnururisho na mpitisho wa joto kwa Kiingereza cha mtihani, akashindwa kumweleza bibi yake kwa nini mtungi wa udongo hupoza maji, ana maarifa yaliyofungiwa kabatini. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamivu, msimamizi wangu alidai kila mwisho wa mwezi ukurasa mmoja usio na fomula hata moja, unaoweza kusomwa na mlinzi wa jengo. Nilikuwa nikiuandika kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha yake. Mara nyingi ni Kiswahili kilichonionyesha palipokuwa na shimo, kwa sababu katika lugha ya kigeni istilahi hukaa juu ya shimo kama nyasi juu ya mtego, na mwandishi hupita salama asijue kwamba hakuna udongo chini.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa walimu, nalo halihitaji fedha. Muhula ujao kila mwanafunzi awe na daftari moja ambalo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Aandike humo tarehe, alichokiona, alichokipima, na alichodhani ni sababu; hakuna kufuta, kosa likatwe kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Mara moja kwa wiki amwulize fundi mmoja swali moja na kuandika jibu. Katikati ya muhula achague jambo moja, alipunguze mpaka libaki na tofauti moja ya kupimwa, alirudie mara tano, na aandike matokeo yote matano, hata lile linalomwudhi. Mwisho wa muhula aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa ajili ya mtu mmoja anayemjua kwa jina, awe baba mwenye shamba la zabibu au jirani mwenye kuku, akieleza jinsi mtu huyo atakavyoweza kulijaribu jambo hilo mwenyewe kwa vyombo alivyo navyo. Alama zitolewe kwa kuangalia kama mtu huyo alijaribu, na alipata nini. Akipata tofauti na mwanafunzi, wote wawili waitwe darasani.

Wanaotaka pa kuanzia waanze na pendulumu. Uzi usiovutika, jiwe zito la ukubwa wa ngumi, tawi lisilotikisika, mita ya fundi seremala, na saa ya simu. Wachague saa za asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka.